Kinachoiua Mashine ya Kufulia Kabla ya Siku Zake

Mashine ya kufulia ikifa mapema, lawama ya kwanza huenda kwa kampuni iliyoitengeneza. Jirani atakwambia za siku hizi ni plastiki tupu, fundi atakwambia ungechukua ile ya Kijerumani, na muuza duka atakwambia hukufuata maelekezo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini kwa nyumba za pwani yetu, kuanzia Mtwara hadi Mombasa na visiwani, naamini sababu kubwa iko kwingine. Mashine huharibiwa na maji tunayoyaingiza, sabuni tunayoimimina, uzito wa nguo tunazozijaza na umeme tunaouchomeka. Tunatumia muda mwingi mno kuchagua jina la kampuni, na muda mchache mno kutazama bomba litakaloijaza mashine hiyo kwa miaka kumi ijayo.

Malalamiko dhidi ya watengenezaji si ya kubuni. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya idara ya mazingira ya serikali ya Ujerumani ulionyesha kwamba vyombo vikubwa vya umeme vya nyumbani vilikuwa vinabadilishwa na mnunuzi wa kwanza vikiwa na wastani wa miaka 14.1 mwaka 2004, na kufikia mwaka 2012 wastani huo ulishuka hadi miaka 13.0. Vilivyobadilishwa ndani ya miaka 5 kwa sababu ya kuharibika viliongezeka kutoka asilimia 3.5 hadi asilimia 8.3. Kwa hiyo baadhi ya bidhaa zimedhoofika kweli. Hata hivyo miaka 13 ni mingi, na mwenye mashine Kigamboni au Nyali akiipata atashukuru. Mashine zinazouzwa huko na huku hutoka mara nyingi katika viwanda vilevile. Kinachotofautiana ni mazingira: bomba lenye nguvu siku zote, umeme usioyumba, na sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine.

Ili tuelewane, tuifungue mashine ya mlango wa mbele tuone kilichomo. Nguo hukaa kwenye pipa la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu. Pipa hilo huzunguka ndani ya pipa la nje, ambalo siku hizi karibu kila mara ni la plastiki na ndilo linalobeba maji. Kwa nyuma, pipa la ndani limeshikwa na msalaba wenye mikono mitatu, kwa kawaida wa aluminiamu, na mhimili wa msalaba huo hupita kwenye sili ya mpira na beringi mbili. Chini ya pipa kuna hita. Chini kabisa upande wa mbele kuna pampu ya kutolea maji pamoja na kichujio chake, na nyuma kuna valvu ya kuingizia maji. Pipa lote linaning'inia kwenye springi na kuegemea shokapu. Mashine ya mapipa mawili, ile ya kufulia upande huu na kukamulia upande ule, haina mengi ya hayo, na ndiyo maana huishi muda mrefu mikononi mwa fundi wa kawaida.

Adui wa kwanza ni maji. Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka mto Ruvu, na hayo hayana ubaya. Shida ni mgao. Bomba likikauka, nyumba hurudi kwenye kisima, na pwani kisima kina tabia yake: maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari, na yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda na kuchanganyika nayo. Wakazi hujua bila kipimo chochote. Chai hubadilika ladha, sabuni haitoi povu, ndoo hubaki na utando mweupe.

Chumvi hiyo haiidhuru nguo sana, lakini inakula chuma. Pipa la ndani huistahimili kwa miaka mingi. Msalaba wa aluminiamu hauna ustahimilivu huo. Aluminiamu hulindwa na ngozi nyembamba ya oksaidi, na kloraidi iliyomo kwenye maji ya chumvi huitoboa ngozi hiyo. Sabuni ya unga, ambayo ni alkali, huiendeleza kazi. Tope la sabuni na maji hubaki nyuma ya pipa, mahali ambapo mkono haufiki na jicho halioni, na msalaba hulika taratibu. Mashine huanza kutetemeka wakati wa kukamua hata nguo zikiwa chache. Siku moja mkono wa msalaba hukatika pipa likiwa katika mwendo wa kasi, na hapo gharama ya ukarabati huikaribia bei ya mashine nyingine.

Anayeishi kwenye eneo la maji ya chumvi afanye kila linalowezekana ili mashine isinywe kisima. Kama nyumba ina bomba la mji na kisima, fundi bomba anaweza kuweka koki mbili ili mashine ichukue maji ya mji yakiwepo. Kama haina, basi maji ya mvua ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Hayana chumvi wala chokaa, sabuni huyeyuka ndani yake kwa urahisi, na msimu wa masika bati moja la nyumba hujaza tangi kwa muda mfupi. Nashangaa kuona maji hayo yakimwagika barabarani huku ndani mashine ikifua kwa maji ya chumvi.

Chokaa ni habari nyingine, na huchanganywa na chumvi isivyo sahihi. Unguja, Mombasa na sehemu nyingi za ukanda huu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na maji yanayopita humo hutoka yakiwa magumu. Maji magumu yakipashwa moto, chokaa hujitenga na kuganda kwenye hita. Hita iliyovikwa koti la chokaa haitoi joto lake vizuri. Hujipasha yenyewe hadi ikakatika. Lakini asiyefua kwa maji ya moto hana sababu ya kununua dawa ya kuondoa chokaa kila mwezi, kwa kuwa kwenye maji baridi chokaa huganda kidogo sana. Anayefua kwa nyuzi 60 mara kwa mara ndiye mwenye haja nayo, na hata yeye hahitaji dawa ya ghali. Chumvi ya ndimu ile ya dukani, gramu 50 hadi 100 ndani ya pipa tupu, na mzunguko mmoja wa maji ya moto, huyeyusha chokaa. Tahadhari moja ni ya kufa na kupona: usiichanganye na jiki, wala usiweke jiki mara tu baada yake kabla ya kusuuza. Asidi na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu.

Kuna maji mekundu pia, yenye chuma. Hayo yakikutana na jiki huacha madoa ya kutu yasiyotoka, hivyo mwenye kisima cha namna hiyo aiepuke jiki kabisa kwenye nguo nyeupe.

Baada ya ubora wa maji, kuna nguvu yake. Mashine nyingi za mlango wa mbele huomba maji yenye shinikizo la kuanzia karibu baa 0.5, nyingine 0.3. Baa moja ni sawa na maji yaliyoko kimo cha mita 10. Kwa hiyo tangi lililowekwa kwenye mnara wa mita 3 hutoa baa 0.3 tu, tena kama bomba si jembamba na halina kona nyingi. Mwenye nyumba huona mashine ikichukua saa nzima kujaa, kisha ikasimama na kuandika herufi zisizoeleweka, naye huamini bodi ya umeme ya mashine imekufa. Fundi asiye mwaminifu atamuuzia bodi. Kabla ya kufika huko, fungua mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kichujio kidogo cha wavu, na kwenye nyumba za matangi kichujio hicho huziba kwa mchanga na utando wa kijani. Kivute kwa koleo, kisuuze, kirudishe. Kama tatizo ni kimo cha tangi, pampu ndogo ya kuongeza nguvu hutatua jambo ambalo hakuna bodi mpya ingelitatua.

Kosa jingine liko upande wa maji yanayotoka. Katika nyumba nyingi mpira wa kutolea maji hulazwa sakafuni, uelekee tundu la bafu. Kwa mashine ya mlango wa mbele huko ni kuiharibia kazi. Mdomo wa mpira ukiwa chini kuliko kiwango cha maji ndani ya pipa, maji hujivuta yenyewe kutoka nje wakati mashine ingali inajaza. Mashine hujaza, maji hutoka, hujaza tena, na bili ya maji hupanda pamoja na hasira. Mpira huo unatakiwa uning'inizwe juu, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na mdomo wake usizamishwe kwenye maji wala usikazwe ndani ya bomba pasipo nafasi ya hewa. Zipo mashine za mlango wa juu zinazotoa maji kwa kufungua valvu chini, na hizo mpira wake hulala sakafuni bila tatizo. Kitabu cha mashine husema ni ipi.

Sasa sabuni, ambayo naihesabu kuwa ya pili baada ya maji, na hizi mbili zinasaidiana katika uharibifu. Sabuni nyingi za unga zinazouzwa madukani kwetu zimetengenezwa kwa ajili ya beseni. Anayefua kwa mikono hupenda povu, kwa kuwa povu humwonyesha kwamba sabuni bado ina nguvu. Ndani ya mashine ya mlango wa mbele nguo hutakaswa kwa kuinuliwa na kuangushwa kwenye maji machache, na povu likijaa nguo huanguka juu ya mto laini badala ya kupigwa. Pampu nayo huvuta povu na hewa badala ya maji. Baadhi ya mashine zikihisi povu huahirisha kukamua na kusuuza tena na tena, hadi saa moja ikawa tatu. Kwenye maji ya chumvi mambo huwa mabaya zaidi. Povu halionekani, mfuaji huongeza kikombe cha pili, na sabuni hiyo ya ziada haisafishi kitu. Hubaki nyuma ya pipa, kwenye mikunjo ya mpira wa mlango na ndani ya mipira ya maji.

Mabaki hayo yakichanganyika na mafuta ya mwili na nyuzinyuzi za nguo huwa tope la kijivu, na tope hilo ni makazi ya vijidudu. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja bakteria aitwaye Moraxella osloensis kuwa chanzo kikuu cha ile harufu ya nguo zilizokauka vibaya. Harufu ya mashine na harufu ya taulo ni ndugu, na marashi hayaondoi hata moja. Dawa ya kulainishia nguo, ambayo watu huimwaga ili kuifunika harufu, huongeza utando wa mafuta juu ya tope lililopo.

Sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, yenye povu dogo, ndiyo ya mashine ya mlango wa mbele. Kama ni ghali mno au haipatikani, tumia ile ya kawaida kwa kiasi kidogo sana, na uiyeyushe kwenye maji kabla ya kuiweka. Kipimo kizuri ni kutazama kioo cha mlango wakati wa kusuuza mara ya mwisho: povu likionekana bado, ulizidisha. Na mara moja kwa mwezi iendeshe mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Kufua kila siku kwa maji baridi ni sahihi kabisa kwa nguo zetu na kwa umeme wa LUKU, lakini maji baridi pekee hayawezi kuyeyusha mafuta yaliyoganda. Mzunguko huo wa moto hautakula zaidi ya uniti moja au mbili. Kisha futa mikunjo ya mpira wa mlango kwa kitambaa, toa droo ya sabuni uioshe, na uache mlango na droo wazi hadi ndani pakauke. Penye watoto wadogo, mlango ufungwe kwa kitu kinachouzuia usifunguke zaidi ya upana wa mkono, maana mtoto huweza kuingia.

Kuhusu uzito wa nguo, hesabu ndogo inatosha kumshawishi mtu. Chukua pipa lenye upana wa sentimita 48 linalozunguka mara 1,200 kwa dakika. Nguo zilizo ukingoni husukumwa nje kwa nguvu inayokaribia mara 390 ya uzito wake. Kwa hiyo kilo moja isiyo na mwenzake upande wa pili hulivuta pipa kama mzigo wa kilo 390, na mvuto huo huzunguka mara 20 kila sekunde, juu ya beringi mbili zinazoenea kiganjani. Punguza mwendo hadi mizunguko 800, na nguvu hiyo hushuka hadi mara 172, chini ya nusu.

Hapo ndipo pwani ina bahati ambayo haitumii. Ulaya ya kaskazini watu hukamua kwa kasi kubwa kwa sababu nguo haina jua, au itaingia kwenye kikaushio ambacho kila tone la maji hukigharimu umeme. Sisi tuna kamba na jua. Nguo iliyokamuliwa kwa mizunguko 800 itatoka na maji zaidi kidogo, na saa ya ziada uani haina bei. Kama mashine yako ina kitufe cha kuchagua mwendo, kibonyeze leo. Sijui hatua nyingine isiyo na gharama yoyote inayozipunguzia beringi mzigo kiasi hicho.

Kilo 7 zilizoandikwa kwenye mlango ni za nguo kavu za pamba kwenye programu ya pamba. Programu fupi ya nusu saa kwa kawaida hubeba nusu ya hapo au pungufu. Shuka, taulo na jinzi hujaza hesabu hiyo haraka. Blanketi zito peke yake ni hatari zaidi ya rundo la nguo nyingi, kwa sababu hujikunja upande mmoja na kukataa kusawazika. Hilo lipelekwe kwa dobi mwenye mashine kubwa, au likanyagwe kwenye beseni kama ilivyokuwa zamani. Kagua mifuko pia. Sarafu, waya wa sidiria na pini za ushungi hupenya kati ya mapipa na kuishia kwenye pampu. Kichujio cha pampu kiko nyuma ya kifuniko kidogo chini upande wa mbele, na kinatakiwa kufunguliwa kila baada ya miezi michache, beseni likiwa tayari. Wapo wenye mashine ambao hawajawahi kujua kwamba kifuniko hicho kinafunguka.

Sakafu ya bafu huteremka kuelekea tundu la maji, na mashine iliyowekwa hapo bila kurekebishwa miguu itacheza. Zungusha miguu hadi isiyumbe hata kwenye kona moja, kisha kaza nati ya juu ili mguu usijilegeze. Na bolti za usafirishaji, zile ndefu zilizofungwa nyuma ya mashine mpya, lazima zitolewe kabla ya kufua mara ya kwanza, kisha zihifadhiwe. Mpangaji anayehama nyumba azirudishe kabla ya kuipandisha mashine kwenye gari. Bila bolti hizo pipa hujigonga njia nzima, na springi na shokapu huumia. Mashine nyingi za mtumba kutoka Dubai na Ulaya hufika bila bolti, na mnunuzi hurithi majeraha ya safari.

Umeme unahitaji maneno machache lakini ya uhakika. Tanzania umeme wa nyumbani unatakiwa kuwa volti 230, Kenya 240. Ukishuka sana, mota ya mashine ya mapipa mawili hunguruma bila kuzunguka na waya zake huungua. Ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi ya mashine ya kisasa ndiyo inayoumia. Watu wengi huchomeka mashine kwenye kile kifaa cha kulinda friji, ambacho hukata umeme ukizidi au ukipungua na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu. Wazo ni zuri, kifaa ndicho si sahihi. Mashine yenye hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, na vifaa vingi vya friji vimeundwa kwa ampea 5. Nunua cha ampea 13 au 16, au kile cha kulinda kiyoyozi. Usitumie waya mwembamba wa kuongezea, na ukimaliza kufua chomoa plagi. Waya wa ardhi si pambo: mashine inayokutekenya vidole ukiigusa ukiwa na miguu mibichi inatoa onyo, na onyo hilo halisubiri wikendi.

Panya hutafuna mipira, na mjusi kafiri akipita juu ya bodi huisababishia shoti. Mashine iliyo wazi kwa chini izibwe kwa wavu wa chuma.

Vikaushio ni vichache katika nyumba za pwani, na sioni sababu ya kuviongeza penye jua la kutosha. Lakini wasomaji wetu walioko Toronto, Minneapolis au Manchester hawana hiari miezi ya baridi, na Dubai manispaa huwaonya wakazi wasianike nguo kwenye baraza za ghorofa zinazoonekana kutoka nje. Kwao kikaushio ni chombo cha kila wiki, na matunzo yake yanahusu uhai kabla ya kuhusu fedha. Nchini Marekani, idara ya shirikisho inayoshughulikia moto ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 kulikuwa na moto 2,900 kila mwaka katika makazi ulioanzia kwenye vikaushio. Chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 34, kilikuwa kutosafishwa. Nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo ni kavu na nyepesi, na hushika moto upesi kuliko karatasi.

Kasoro za kiwandani nazo zipo. Agosti 2016 moto ulioanzia kwenye kikaushio cha Indesit uliunguza nyumba kadhaa katika jengo la Shepherd's Court, magharibi mwa London. Whirlpool, kampuni iliyokuwa ikiimiliki chapa hiyo, ilikuwa imekwisha kutangaza mwaka 2015 kwamba vikaushio vyake vya aina nyingi vinaweza kuruhusu nyuzinyuzi zigusane na hita. Mwaka 2019, baada ya shinikizo la serikali ya Uingereza, ilianza kuvirudisha vile ambavyo havijarekebishwa. Anayenunua cha mtumba huko aiandike namba ya modeli na kuitafuta kwenye orodha ya vilivyorudishwa kabla ya kulipa.

Wavu wa nyuzinyuzi usafishwe kila baada ya mzigo mmoja, bila kusubiri wa pili. Bomba la kutolea hewa ya moto liwe la chuma, fupi, lisilo na kona nyingi, na lifunguliwe kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka. Kikaushio kisicho na bomba la nje kina kikondensa au pampu ya joto, na humo nyuzinyuzi hujificha nyuma ya kifuniko cha chini. Zile pau mbili za chuma ndani ya pipa hupima unyevu. Dawa ya kulainishia nguo huzipaka utando, na kikaushio huanza kusimama nguo zikiwa bado mbichi. Zifute kwa siki kidogo. Matambara yaliyolowa mafuta ya kupikia, hasa ya alizeti, yasiingie kabisa. Mafuta hayo hubaki hata baada ya kufuliwa, na nguo ya moto iliyorundikwa inaweza kujipasha hadi ikawaka yenyewe. Usiondoke nyumbani wala kulala kikaushio kikifanya kazi.

Tunarudi kwa watengenezaji, kwa kuwa matunzo yana mpaka. Mapipa mengi ya nje sasa hugundishwa kiwandani badala ya kufungwa kwa bolti. Beringi ambayo ni ya bei ndogo haifikiki bila kulikata pipa, na fundi hulazimika kununua pipa zima. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni tarehe 1 Machi 2021 zinazomtaka mtengenezaji awe na vipuri vikuu vya mashine ya kufulia kwa miaka 10 baada ya kuacha kuuza modeli hiyo, zikiwemo pampu, shokapu, hita, msalaba na beringi, ingawa anaruhusiwa kuviuza vingine kwa fungu. Ufaransa mwaka huohuo iliwalazimisha wauzaji kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezeka kwenye mashine za mlango wa mbele. Mnunuzi wa madukani Kariakoo au mtaa wa Luthuli hana ulinzi huo mkononi, lakini anaweza kuuliza swali lilelile: pipa la nje limefungwa kwa bolti au limegundishwa? Muuzaji asipojua, mafundi wa mtaa huo wanajua.

Kwa hukumu yangu, nyumba yenye kisima cha chumvi, tangi la kimo kifupi na umeme unaoyumba itanufaika zaidi na mashine ya mapipa mawili kuliko ya mlango wa mbele yenye bodi na vitufe ishirini. Inatumia maji mengi na inadai mtu asimame karibu, ni kweli. Lakini haichagui shinikizo, na mota, kapasita na mikanda yake hupatikana. Mashine ya mlango wa mbele inastahili nyumba iliyokwisha kuandaliwa kuipokea.

Na katika nyumba nyingi anayefua si yule aliyenunua. Dada wa kazi hukabidhiwa mashine kwa kuonyeshwa kitufe kimoja, kisha hulaumiwa pampu ikiziba kwa pini ambayo hakuna aliyemwambia aitoe. Aonyeshwe kichujio, kipimo cha sabuni na mpaka wa uzito, kwa heshima, siku ya kwanza. Kitabu cha maelekezo hakimsaidii kama hakijaandikwa kwa lugha anayoisoma.

Waagizaji na wenye maduka, wekeni ndani ya kila mashine karatasi moja ya Kiswahili inayotaja shinikizo la maji, kiasi cha sabuni, uzito wa nguo kwa kila programu na mahali kichujio cha pampu kilipo. Wekeni akiba ya beringi, sili, pampu na mpira wa mlango kwa kila modeli mnayoiuza. Nanyi wanunuzi, msitoe fedha kabla hamjaonyeshwa vipuri hivyo vinapatikana wapi.